Mstari Wangu Ukutani

Afisa utumishi aliniletea karatasi mwenyewe hadi mezani, akaiweka juu ya kadi zangu za sampuli taratibu, kama mtu anayemwekea mgonjwa uji. "Dada Jicho, ukurasa mmoja tu," alisema. "Umekuaje tangu ujiunge nasi? Kikazi, na wewe mwenyewe kama mtu. Andika kutoka moyoni." Akanibonyeza bega, akaondoka na furaha zake.

Ukurasa huo niliuandika mara nne na kuuchana mara tatu. Ule wa nne umetiwa kwenye fremu ya kioo, uko kwenye ubao wa matangazo mlangoni, na kila mgeni anayeingia kiwandani anausoma. Huu sio ule. Huu ni wa kwangu, na humu sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, hata mimi mwenyewe.

Nianze na jambo linaloniudhi kuliko yote: kampuni yetu ni nzuri. Ingekuwa ya hovyo ningepata pa kutupia lawama, nikalala usingizi wangu. Lakini wapi! Ni kiwanda cha rangi za nyumba, watu sitini na ushei, mashine sita za kusaga, ghala moja, na bwalo la chakula lenye ukuta mrefu. Nilikuja hapo nikiwa na miaka kumi na tisa, kazi yangu kuosha makopo yanayorudishwa na mafundi. Sikuwa na cheti cha maana wala mtu wa kunishika mkono. Niliosha makopo miaka mitatu.

Siku moja Fundi Mkuu, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza ambaye hakuna rangi iliyotoka bila kupita machoni pake, alinikuta nimeyaanika makopo uani. Nilikuwa nimeyapanga kwa mabaki ya rangi yaliyogandia ndani, kuanzia nyeupe ya maziwa mpaka damu ya mzee, zaidi ya makopo mia. Nilifanya hivyo kwa uchovu tu, mtu ukiosha kitu kimoja siku nzima akili inatafuta pa kwenda. Akaniambia nigeuke. Nilipogeuka tena akauliza, "Kuna kilichoharibika?"

"Umebadilisha mawili, pale kwenye kijani," nikamwambia. Na kwa kuwa nilikuwa na mdomo tangu wakati ule, nikaongeza, "Na uyarudishe. Mimi ndiye niliyeyapanga."

Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake sikugusa kopo. Nilipewa koti jeupe lililonizidi mikono, nikakalishwa kwenye chumba cha rangi, na jina langu la kuzaliwa likafia hapo. Tangu siku ile ni Jicho. Hata mishahara nadhani wangeiandika Jicho kama sheria ingeruhusu.

Baada ya hapo walinilea, sina neno jingine. Walinipeleka masomo ya jioni, na dereva wa ghala alikuwa ananisubiri nje ya darasa ili nisitembee peke yangu. Nilipofeli hesabu mara ya kwanza, afisa utumishi wa wakati ule alikaa nami chumba cha mikutano kila siku saa ya chakula mpaka nikafaulu. Mama alipougua, niliambiwa nisirudi kazini mpaka apone. Hakupona. Siku ya mazishi walikuja wote kwenye lori la kampuni, na Mzee, yaani mkurugenzi, alikuwa anabeba viti na vijana. Kutoka kuosha makopo nikawa mchanganyaji, kutoka mchanganyaji nikawa mpimaji, na Fundi Mkuu alipostaafu nikawa mkuu wa chumba cha rangi. Watu wangapi wanaweza kusema hivyo kuhusu mwajiri wao? Mimi ninaweza, na ninasema.

Fundi Mkuu alinifundisha kitu kimoja kuliko vingine vyote. Tulikuwa na mashine ya kusoma rangi, unaibandika juu ya sampuli inakutolea namba. Nilipokuwa mpya nilikuwa ninaikimbilia. Siku moja akaichomoa kwenye umeme, akanitazama usoni. "Mashine ikibishana na jicho lako, zima mashine," alisema. "Taa zitachoka, malighafi zitachakachuliwa, wateja watadanganya. Jicho lako ndilo kipimo. Siku utakayolitilia shaka, rudi kwenye makopo yako." Nilimeza maneno hayo mazimamazima. Nimeishi nayo na kupandishwa vyeo kwa hayo. Katika ukurasa ule wenye kioo yamo, kwa mwandiko wangu mzuri: Kampuni hii ilinifundisha kuliamini jicho langu.

Sasa niseme habari ya ukuta. Kwetu, mtu akifikisha miaka kumi na tano kazini hapewi saa wala kikombe. Anachanganya rangi yake, na fundi anapaka mstari wa rangi hiyo kwenye ukuta wa bwalo, kutoka darini mpaka sakafuni, upana wa kiganja. Mistari ilikuwa kumi na tisa. Mstari wa Fundi Mkuu ni wa tatu, buluu nzito. Wa Mzee ni wa kwanza, manjano ambayo kusema kweli ni mbaya, na kila mtu anamtania nayo. Masharti ni mawili: hakuna mizani, hakuna kuandika. Unamimina kwa jicho mbele ya watu, na rangi hiyo haitengenezwi tena. Kopo likibaki na kitu linawekwa rafuni kwa ajili ya marekebisho, basi.

Nilijua mstari wangu utakuwa rangi gani tangu mwaka wangu wa kwanza. Wakati ule naosha makopo, nilikuwa nakwangua mabaki na kuyaweka kwenye chupa, mpaka nikapata ya kutosha kupaka mlango wa mama na kigoda chake cha jikoni. Kilitoka kijani ambacho sijakiona popote tena, kijani kilichotulia, na chini yake kuna joto kidogo. Mama alikuwa anafungua ule mlango na kuufunga bila sababu. Majirani walimwuliza amenunua wapi, akawajibu, "Sikununua, nina mtu kiwandani." Mimi, muosha makopo, mtu kiwandani! Ile nyumba ilibomolewa alipofariki, mlango ukaenda na mbao nyingine. Kigoda kilibaki kwangu na dada yangu mkubwa, tunaishi naye.

Mwaka juzi niliugua kifua kikuu. Nilikonda nikabaki miwani na koti. Hapa tena kampuni ilisimama nami: mshahara kamili, gari la kunipeleka kliniki, na Mama Pacha, mwanamke niliyemfundisha kazi mwenyewe, akashika chumba cha rangi na kila Ijumaa akaja nyumbani kunipa umbea wote. Siku ya kwanza ya dawa, muuguzi alinisomea maonyo. Kuna moja alilolirudia mara mbili. "Hii dawa kwa watu wachache inagusa mshipa wa macho. Ukiona rangi zinafifia au zinabadilika, usisubiri tarehe. Njoo siku hiyohiyo."

Nilicheka. "Mwanangu," nilimwambia, "rangi zikibadilika mimi nitajua kabla yako."

Na nilijua. Hapo ndipo panaponiuma. Nilijua kabla ya mtu yeyote.

Nilikuwa nimerudi kazini wiki ya pili, dawa bado naendelea nazo. Iliingia oda ya damu ya mzee kwa ajili ya mageti ya shule. Nikaweka sampuli ndani ya kisanduku cha taa, kile tunachopimia rangi kwa taa ya mchana, ya dukani na ya nyumbani. Nyekundu ilikuwa imelegea. Nikarudia. Imelegea. Mtu mwingine yeyote duniani, fundi cherehani, mwalimu, dereva, angesema: macho yangu yana nini? Mimi nilisema: taa zimechoka. Nikaagiza taa mpya. Mzee alitia sahihi hata bila kuuliza. Taa mpya zilipokuja, nyekundu ikawa bado imelegea, nikasema malighafi imechakachuliwa. Nikarudisha mapipa kumi na manane kwa muuzaji. Muuzaji akaja na karatasi zake za maabara, akaapa, akatoa jasho. Mashine yetu ya kusoma rangi ikakubaliana naye. Nikaizima mashine mbele yake.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni siku hiyo. Alimwambia yule muuzaji, "Bwana, mimi huyu nimemwona tangu anaosha makopo. Akisema rangi si yenyewe, si yenyewe." Nilivimba kichwa nikashindwa kupita mlangoni. Wiki tisa zilipita hivyo, kila asubuhi nikimeza vidonge na chai, kila mchana nikigombana na dunia nzima kuhusu nyekundu.

Nyanya ndizo zilizonisuta. Jumamosi moja, saa sita mchana, jua limewaka, nilinunua nyanya barabarani kwa kuchagua moja moja, maana mimi ni mtu wa kuchagua. Dada akamimina mfuko kwenye beseni, akanitazama.

"Mdogo wangu, hizi utazipika lini? Mwezi ujao?"

"Zina nini?"

"Mbichi zote! Nyanya kumi na mbili, hakuna hata moja iliyoiva. Ulikuwa unanunua umefumba macho?"

Nilizitazama. Kwangu zilikuwa nyanya tu, rangi ya tope, kama nyanya zote nilizoziona mwezi ule. Jua halina taa ya kubadilisha. Hakuna muuzaji wa kumrudishia. Nilikaa sakafuni, dada akadhani kifua kimenirudia.

Daktari wa macho alisimamisha ile dawa siku hiyohiyo. Akaniuliza yalianza lini. Nilipomwambia wiki tisa aliacha kuandika. "Na hukuona tofauti?" Nikamwambia kazi yangu. Alinipa tarehe ya kurudi, akasema tu: Tusubiri, wakati mwingine hurudi.

Basi nikasubiri, na kazini sikumwambia mtu. Usiniulize kwa nini. Ningewaambia nini? Taa zenu nilizozitupa zilikuwa nzima? Nilijikaza kisabuni. Rangi za kawaida nilizichanganya kwa kadi na mizani, makopo niliyajua kwa namba na nafasi zake rafuni. Ilipokuja sampuli mpya inayotaka jicho, nilimwita Mama Pacha, nikakunja mikono kama mwalimu. "Wewe unaonaje hapo?" Akisema imezidi nyekundu, naguna: "Endelea. Kiasi gani?" Akijibu, natikisa kichwa kana kwamba amefaulu mtihani. Zamani nilikuwa nafoka, kila mtu anajua. Mtu akinipa jibu kabla sijamwuliza nilikuwa namkata kauli. Sasa nikawa msikilizaji mkubwa. Kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka, afisa utumishi alinisomea huku machozi yanamlengalenga: "Amekua sana kama kiongozi. Amejifunza kuwapa wengine nafasi." Nikasema asante. Ningesema nini?

Nilivishwa kilemba cha ukoka nikakivaa, tena nikakiweka sawa mbele ya kioo.

Karatasi ya ukurasa mmoja ilikuja wiki ya sherehe yangu. Sherehe ilikuwa Ijumaa. Tarehe ya daktari ilikuwa Jumanne ya wiki hiyohiyo.

Siku ya Jumanne daktari alinifungulia kile kitabu cha vidoti, vile ambavyo ndani yake kuna namba. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa. Niliona vidoti. Akakifunga polepole. "Mama, kilichobaki ndicho utakachokuwa nacho," alisema. "Buluu utaiona, manjano utaiona. Nyekundu na kijani havitarudi. Shukuru kwamba kifua kimepona." Ninashukuru. Kila mtu ananiambia nishukuru, na ninashukuru, na nikifika nyumbani nakitazama kigoda cha mama nacho ni rangi ya tope.

Nilikuwa na siku tatu. Ningeweza kumfuata Mzee nikamwambia. Nililala nikiwaza, nikaamka nikiwaza, na kila nilipofika mlango wa ofisi yake nilisikia sauti yake ikimwambia yule muuzaji: akisema si yenyewe, si yenyewe. Nikageuza. Nikaamua nitachanganya kwa kuhesabu. Kile kijani nakijua kwa mikono: manjano mengi, buluu ya kukolea, halafu nyekundu kidogo sana, ndiyo inayokipa joto. Nilifanya mazoezi na jagi la maji nyumbani, kwenye sinki. Manjano hesabu ya arobaini. Buluu kumi na nne. Nyekundu mbili, upesi, kisha simamisha mkono. Dada alinikuta namimina maji na kuhesabu. Alisimama pale kidogo, akarudi zake chumbani bila kuuliza. Dada yangu si mtu wa kutouliza.

Ijumaa bwalo lilijaa. Dada alikuwa mstari wa mbele, kitambaa kipya kichwani. Fundi Mkuu alikuja na bakora yake na masikio yake mazito. Afisa utumishi aliusoma ukurasa wangu kwa sauti, watu wakashangilia pale pa makopo, wakashangilia pale pa masomo ya jioni, na alipofika kwenye kuliamini jicho langu, Fundi Mkuu alipiga bakora sakafuni mara mbili. Kisha Mzee akaleta sinia la rangi mwenyewe, akainama kama mhudumu wa hoteli, watu wakacheka.

Manjano arobaini, barabara. Buluu kumi na nne, barabara. Nikakoroga. Nikachukua nyekundu, nikaanza kumimina, moja...

"Jicho!" Fundi Mkuu alipaza sauti. "Mbona mkono unatetemeka? Unamwekea mkwe wako chumvi?"

Bwalo zima likapasuka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, nani asingecheka, na nilipotazama chini mkono ulikuwa bado unamimina na hesabu haikuwepo. Nikasimamisha. Nikakoroga. Nilitazama ndani ya kopo. Niliona tope. Kabla ya nyekundu niliona tope, na baada ya nyekundu niliona tope. Nikawaza labda haitoshi, kile kijani kilikuwa na joto. Nikaongeza kidogo. Nilipiga moyo konde, nikainua kopo juu ili waone.

Walikaa kimya. Sijui muda gani, pengine pumzi moja. Nilidhani ni heshima. Halafu Mama Pacha akaanza kupiga makofi, akapiga kama mtu anayefukuza ndege shambani, na wote wakafuata. Fundi akapaka mstari. Dada alinikumbatia akalia mpaka koti langu likalowa begani. "Mama angefurahi," alisema. Fundi Mkuu alinishika mkono akakaa nao. "Umechanganya kwa jicho lako," alisema, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Niseme ukweli: kwa siku mbili niliamini. Niliamini kwamba mkono ulikumbuka pale macho yaliposhindwa. Nilimwambia dada hivyo Jumamosi, akasema ndiyo, mikono inakumbuka. Jumapili baada ya chakula alikifunga kigoda cha mama kwa shuka. Mguu umelegea, anakipeleka kwa seremala. Nikamwambia seremala gani anafanya kazi Jumapili, akasema huyu anafanya.

Jumatatu niliwahi. Bwalo lilikuwa tupu, viti vimepandishwa mezani. Nilikwenda kwenye mstari wangu nikausalimia kwa mgongo wa kidole gumba, tunavyopima rangi kama imekauka. Ni mazoea tu, miaka mingapi nafanya hivyo.

Kidole kilinata.

Rangi yetu ya mafuta iliyopakwa Ijumaa mchana, Jumamosi asubuhi unaweza kuisugua kwa brashi. Hii ilikuwa ina saa chache. Na ilikuwa nene, tabaka mbili, namna inavyopakwa pale unapotaka kufunika kitu. Nilirudi nyuma, nikautazama mstari toka darini mpaka sakafuni. Ulikuwa rangi ileile niliyoiona Ijumaa. Sikuona tofauti hata ya nukta. Macho yangu yalinitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango, na hayakuniambia kitu.

Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma yangu na birika la chai.

"Nani amepaka tena?" nilimwuliza.

"Dada, kunywa chai kwanza."

"Nimekuuliza."

Aliweka birika chini. "Tulikuja jana usiku. Mimi, na Fundi Mkuu. Dada yako alileta kigoda, tukafuata rangi yake. Mzee alishika ngazi."

"Na ile ya Ijumaa ilikuwaje?"

Aliinama kuliinua birika tena. Nikamwambia, "Mama Pacha, wewe nimekufundisha mimi. Nipe jibu kama nilivyokufundisha."

"Kahawia," alisema. "Kahawia ya kutu, dada. Nyekundu ilizidi sana."

"Na mkapiga makofi."

"Wewe ungefanyaje? Ungeniacha nimesimama pale na kopo juu?" Alikuwa ameanza kulia, na mimi nilitamani kumzaba kibao. "Tunajua tangu zile taa. Tulisema atasema mwenyewe akiwa tayari. Kila unachopitisha nabaki nyuma saa moja, naangalia, narekebisha. Mzee alinipa ufunguo. Hakuna aliyekucheka, wallahi. Hakuna hata mmoja."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Miezi yote nimetembea humo ndani kifua mbele, nimetia sahihi kwenye kadi, nimefundisha, na kazi ilikuwa inafanywa upya nyuma yangu na watu wanaonipenda. Wangekuwa wabaya wangenifukuza wiki ile ya kwanza ya nyekundu. Mtu mbaya mmoja tu angesema, huyu mwanamke haoni, na ningekimbia kliniki siku hiyohiyo nikiwa na hasira, na leo pengine ningekuwa naona. Hatukuwa na mtu mbaya hata mmoja.

"Mzee anakusubiri juu," Mama Pacha aliendelea, akijifuta. "Ilikuwa iwe siri. Anataka uwe mkuu wa mafunzo. Ofisi ile yenye dirisha. Anasema hakuna aliyekua hapa kama wewe."

"Nirudishieni mstari wangu," nikasema.

"Dada?"

"Ule wa kahawia. Futeni hii, mpake ule. Niliumimina mimi, mbele ya watu. Ukiwa kahawia acha uwe kahawia, atakayeuliza aniulize mimi." Nilikuwa nimeanza kupiga kelele, kama zamani. "Kopo langu liko wapi? Lilibaki nusu."

Alitazama chini. "Tuliimwaga."

"Basi kaa hapa, tukumbuke kiasi. Manjano arobaini. Buluu kumi na nne. Nyekundu ngapi? Ulikuwa unatazama, nyekundu ngapi?"

"Hakuna aliyehesabu, dada. Ni mstari. Mistari haiandikwi."

Aliingia stoo akarudi na kopo, akanipa kwa mikono miwili. Nilipitisha kidole ndani, kwenye ukingo, chini kwenye kona za mshono ambako rangi hujificha na wavivu hawafiki. Kulikuwa kukavu.

"Nani aliliosha?"

"Mimi," alisema. "Niliosha vizuri. Kama ulivyonifundisha."

Juu mlango ulifunguliwa, nikasikia Mzee akiuliza kwa furaha kama nimeshafika. Nikaweka kopo rafuni pamoja na mengine, nikapanda ngazi kwenda kupokea cheo changu.